Hemofilia: dawa itangulie damu

Mwenye hemofilia huzaliwa na upungufu wa protini inayogandisha damu: faktari 8 kwa hemofilia A, faktari 9 kwa hemofilia B. Wengi hudhani hatari yake ni kidonda kisichokauka, lakini kinacholemaza vijana ni damu inayovujia ndani ya goti, kiwiko au kifundo cha mguu bila jeraha lolote la kuonekana. Madini ya chuma yaliyomo kwenye damu hiyo huvimbisha utando wa kiungo na kula gegedu, na goti lililovuja leo huwa jepesi kuvuja tena. Kwa hiyo ule mtindo wa kusubiri damu ivuje ndipo mgonjwa akimbizwe hospitali ya rufaa, uliozoeleka mno Afrika Mashariki, huchelewa hata siku ambayo dawa ipo.

Kutoa dawa kabla damu haijavuja si jambo jipya. Mjini Malmö, Sweden, Dkt. Inga Marie Nilsson na wenzake walianza mwaka 1958 kuwapa watoto dawa kwa ratiba, kabla hawajavuja. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Marekani mwaka 2007: kati ya wavulana waliopewa kinga hiyo tangu wakiwa wadogo, asilimia 93 walifikisha miaka sita viungo vyao vikiwa salama kwenye picha za MRI, ilhali kwa waliotibiwa kila walipovuja ni asilimia 55 tu. Tatizo ni kwamba kinga yenyewe ni kazi. Nusu ya faktari 8 ya kawaida huisha mwilini kwa takriban saa 12, hivyo sindano huhitajika kama mara tatu kwa wiki, tena ya mshipani. Mzazi anawe mikono, amimine maji maalumu kwenye chupa ya unga, aizungushe taratibu bila kuitikisa isije ikatoa povu, kisha atafute mshipa kwenye mkono mnene wa mtoto wa miaka miwili anayelia. Kesho kutwa, tena. Familia nyingi hushindwa hapo, na kuziita zembe ni kuzionea.

Dawa ya emisizumabu, iliyoidhinishwa kwanza Marekani mwaka 2017, imebadili hesabu hiyo kwa wenye hemofilia A. Huchomwa chini ya ngozi kama insulini, mara moja kwa wiki, kwa wiki mbili au hata kwa wiki nne, na huwafaa pia wale ambao miili yao imeanza kuikataa faktari 8. Pingamizi la kwanza ni bei, nalo lina uzito: katika nchi nyingi maskini dawa hizi hufika kwa msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, na msaada unaweza kukatika. Lakini msaada huohuo ukigawiwa kwa kusubiri damu, huishia kwenye magoti yaliyokwisha kuharibika. Pasipo emisizumabu, hata faktari ya dozi ndogo inayotolewa kwa ratiba ni bora kuliko kusubiri. Wengine husema wazazi wa kijijini hawawezi kuchoma sindano. Mbona watoto wenye kisukari huchomwa insulini nyumbani? Kuhusu ubaridi wa kuhifadhia dawa hii, zahanati nyingi tayari zina jokofu la chanjo lenye nyuzi 2 hadi 8, kiwango kilekile kinachotakiwa. Wasimamizi wa chanjo hawapendi kuchanganyiwa vitu, na wana haki, ila rafu moja yenye lebo ni jambo la kukubaliana.

Pingamizi ninaloliogopa ni jingine: emisizumabu haizimi damu iliyokwisha kuanza. Mtoto akigonga kichwa au akihitaji upasuaji, bado huenda akahitaji faktari, kwa hiyo hospitali ya wilaya isibaki bila akiba. Zaidi ya hapo, dawa hii huvuruga kipimo cha kawaida cha kuganda kwa damu. Majibu yanaweza kuonekana mazuri huku mgonjwa akiwa hatarini. Kadi yenye jina la dawa na tarehe ya sindano ya mwisho isitoke mfukoni mwa mgonjwa, na muuguzi wa zamu ya usiku aiombe kabla hajapeleka damu maabara.