Pampu ya Usukani Inapolia Kwenye Kona za Rusizi

Ukitaka kujua afya ya pampu ya usukani wa gari kuukuu, lipeleke Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda. Barabara za huku hazimpi dereva nafasi ya kunyoosha tairi: kuna mteremko wa kwenda mpakani Rusizi ya Kwanza kuelekea Bukavu, kuna kushuka Bugarama kwenye kiwanda cha saruji, na kuna kupanda msitu wa Nyungwe kwa safari ya Huye. Kona ni kali na mwendo ni mdogo, kwa hiyo pampu inadaiwa nguvu nyingi wakati injini inaizungusha polepole. Yenye kasoro italia hapo.

"Fundi, pampu imekufa," atasema mwenye Corolla, na fundi mwenye haraka atamtafutia nyingine iliyotumika. Mimi huomba kwanza kifuniko cha mafuta kifunguliwe. Mara nyingi pampu ni nzima, ila inavuta upepo.

Ndani yake kuna rota yenye mikato, na kila mkato umebeba bapa jembamba la chuma linaloteleza kuingia na kutoka. Rota ikizunguka, mabapa yanatupwa nje na kusugua ukuta wa ringi lenye umbo la yai. Nafasi kati ya bapa na bapa inapanuka upande mmoja, mafuta yananyonywa. Inabanwa upande wa pili, yanasukumwa. Usukani ukifikishwa mwisho, presha ya gari dogo hufika kilo 60 hivi kwa sentimita ya mraba. Tairi lako lina kilo mbili na ushei.

Presha hiyo ndiyo inayotisha watu, na ndiyo maana kila mtu hutazama mpira mnene unaotoka kwenye pampu. Ugonjwa uko zaidi upande wa pili, kwenye mpira laini unaoleta mafuta kutoka tangini. Pale presha ni ndogo kuliko ya hewa ya nje. Mpira ukishakauka na klipu ikalegea, haudondoshi tone hata moja chini ya gari, lakini kila injini inapozunguka hewa inapenya. Sili ya shafti, ile iliyojificha nyuma ya puli, ina tabia mbili: gari likilala inavujisha, likiwashwa inaweza kuvuta upepo.

Mwinuko nao unachangia kidogo. Kinachoyasukuma mafuta kuingia kwenye pampu ni uzito wa hewa, na pale Uwinka katikati ya Nyungwe, juu ya mita 2,400, hewa ina presha pungufu kwa robo hivi kuliko Dar es Salaam. Ongeza baridi ya asubuhi inayofanya mafuta kuwa mazito, na utaelewa kwa nini gari lililonyamaza Bugarama linalalamika msituni.

Kupima ni rahisi. Washa injini, angalia kimo cha mafuta, kisha zima. Vitabu vya mafundi vya Toyota vinaruhusu kimo kipande milimita 5, si zaidi. Kikiruka zaidi ya hapo, kuna viputo vilivyokuwa vimebanwa, sasa vinatanuka. Mafuta yenye povu, yaliyopauka kama chai ya maziwa, yanasema hivyohivyo.

Pampu ikishatolewa na kufunguliwa, kazi inataka usafi kuliko nguvu. Weka alama kwenye ringi kabla ya kuliinua, maana lina upande wake. Mabapa yapange kwa mfuatano yalivyotoka. Ncha ya mviringo ya kila bapa hutazama nje, kwenye ukuta wa ringi. Oringi za zamani utazikuta zimekuwa bapa na ngumu, ukizikunja zinakatika. Zote zibadilishwe, hata ile inayoonekana nzima. Kipande hiki cha mpira wa duara, ambacho Niels Christensen, Mdenmaki aliyehamia Marekani, aliomba hataza yake mwaka 1937, ni cha bei ndogo mno kukifanyia ubahili.

Shafti ndiyo inayotoa hukumu. Ipitishie ukucha mahali sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja kabla hujazoea ukimya wake, na hapo ndipo pampu nyingine ina maana. Ukiteleza, endelea: zungushia utepe wa plastiki kwenye meno ya shafti yasikwangue mdomo wa sili, ipake mafuta, upande wenye springi utazame ndani, kisha igonge sawasawa kwa soketi inayoegemea ukingo wa nje.

Mafuta ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF aina ya Dexron. Mafuta ya breki ni sumu hapa. Yametengenezwa kwa ajili ya mpira wa aina nyingine, na oringi za pampu huvimba na kulainika yakizigusa. Ajabu ni wangapi huyajazia njiani kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo dukani.

Sasa kutoa upepo, sehemu inayoharibiwa na haraka. Wengi hujaza, huwasha na kuzungusha usukani kwa fujo, na pampu inayasaga mafuta na hewa kuwa povu ambalo halitoki kwa siku nzima. Nyanyua tairi za mbele, gari likae kwenye stendi, injini ikiwa imezimwa. Zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, mtu mwingine akitazama viputo na kuongeza mafuta. Viputo vikiisha ndipo uwashe, bila kukanyaga mafuta, urudie. Usiung'ang'anize usukani mwishoni; sekunde mbili au tatu zinatosha, kwa kuwa pale mafuta yanazunguka ndani ya pampu tu na kuchemka. Ukiona povu, zima uende kunywa chai, lipande lenyewe.

Likilia tena baada ya wiki na mafuta yamepauka, rudi kwenye klipu na mpira wa kunyonya. Mafuta yakiwa mekundu na angavu, tazama kwanza mkanda: uliolegea au kulowa mafuta hupiga kelele kwenye kona ileile, na mara nyingi lawama hupewa pampu.