Je, Wajua? Bomu Lisilo na Injini Laweza Kufika Kilomita 70

Je, wajua kuwa bomu lisilo na injini wala tone la mafuta laweza kulenga shabaha iliyo umbali wa kilomita 70 kutoka pale ndege ilipoliachia? Siri ni mabawa.

Katika Vita vya Ghuba vya 1991, mawingu, moshi na vumbi vilizuia miale ya leza iliyoongoza mabomu ya Marekani. Ndipo ikabuniwa JDAM: mkia wenye mapezi yanayogeuka, kompyuta na kipokezi cha GPS, unaofungwa kwenye bomu la kawaida. Masafa yake ni kilomita 28 hivi. Utafiti wa wanasayansi wa ulinzi wa Australia ukaiongezea mabawa, ikazaliwa JDAM-ER. Mabawa hayo hukaa yamekunjwa. Bomu likishaachana na ndege, mabawa hufunguka, na bomu huteleza angani badala ya kuporomoka. Kadiri ndege inavyoruka juu na kwa kasi, ndivyo bomu linavyokwenda mbali, na rubani hubaki nje ya upeo wa makombora ya kutungulia ndege.

Urusi nayo imefunga mabawa kwenye mabomu ya enzi ya Kisovieti na kuyatumia kwa wingi Ukraine tangu 2023. Usalama huo wa rubani una gharama ya kutisha kwa walio chini. Alasiri ya Jumamosi, Mei 25, 2024, mabomu ya aina hiyo yalipiga duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini Kharkiv, wateja wakiwa ndani. Zaidi ya watu 15 waliuawa.