Kabla ya kujitolea kuwa mhamasishaji wa afya ya jamii

Mhamasishaji wa afya ya jamii ni jirani yako. Huchaguliwa na wanakijiji wenyewe katika baraza, mbele ya chifu au naibu wake na afisa wa afya wa eneo hilo. Anayetaka kujitolea awe mtu mzima, mkazi wa hapo hapo, anayejua kusoma na kuandika, na anayeaminiwa na majirani. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Atajua nani anatibiwa kifua kikuu na mtoto wa nani hajachanjwa. Asiyeweza kutunza siri hafai, hata akiwa na cheti cha chuo.

Kila mhamasishaji hupewa takriban nyumba 100 za kutembelea. Kitengo kimoja cha afya ya jamii huhudumia watu wapatao 5,000 na huunganishwa na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Posho iliyokubaliwa kati ya serikali kuu na kaunti ni Sh5,000 kwa mwezi, kila upande ukitoa nusu. Huo si mshahara, na anayefuata pesa pekee atachoka mapema.

Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wamekuwa wakipewa mkoba wenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kipima sukari, kipima joto na mizani, pamoja na simu ya kuandikia ziara zao. Lakini kifaa kinachookoa watoto wengi ni utepe mwepesi wa kupima mkono. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ambaye mkono wake wa juu una mzunguko wa chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali na anahitaji kufikishwa kituoni upesi, hata kama anacheza na hana homa. Mzazi anayemwona kila siku anaweza asitambue kwamba amekonda.

Kuhara nako hakungoji. Mtoto anaweza kuishiwa maji mwilini kwa saa chache. Mhamasishaji humwonyesha mama jinsi ya kuchanganya chumvi ya kuongeza maji mwilini kwa maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na humpa vidonge vya zinki. Hapa ndipo wengi hukosea: mtoto akipata nafuu siku ya tatu, vidonge vinaachwa. Zinki inafaa kuendelea kwa siku 10 hadi 14.

Mhamasishaji si daktari. Akikuandikia rufaa, nenda siku hiyo hiyo; usingoje siku ya soko.

Ukitaka kujitolea, uliza katika zahanati yako baraza la uteuzi litaitishwa lini. Ikiwa nafasi zimejaa, kamati ya afya ya kijiji huhitaji watu wa kuzibua mitaro na kulinda visima. Na mhamasishaji akibisha hodi, mkaribishe, kijitabu cha kliniki cha mtoto kikiwa karibu.