Ruta ya mfukoni

Ruta ya mfukoni (pia: ruta ya kubebeka, mitaani huitwa zaidi maifai) ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopokea intaneti kutoka mnara wa simu na kuigawa kwa simu, kompyuta na vishikwambi vilivyo karibu kwa njia ya Wi-Fi. Hutumia laini ya kampuni ya simu kama simu ya kawaida, na huwa na betri yake, hivyo kinaweza kufanya kazi mahali pasipo na umeme wala nyaya.

Nchini Tanzania kifaa hiki hutumiwa na wanafunzi wa vyuo, watumishi wanaosafiri, wafanyabiashara na familia zisizofikiwa na faiba. Faida yake hutegemea hasa mambo matatu: idadi ya watu wanaokitumia, nguvu ya mawimbi mahali kinapotumika, na ukubwa wa vifurushi vinavyonunuliwa.

Jina

Neno "maifai" limetokana na MiFi, jina la biashara la kampuni ya Novatel Wireless ya Marekani. Kama ilivyotokea kwa majina mengine ya biashara, watu walianza kuliita hivyo kila kifaa cha aina hiyo, hata kikiwa kimetengenezwa na Huawei, ZTE au TP-Link. Kifaa hiki hakipaswi kuchanganywa na modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta, ambayo kwa kawaida huhudumia kompyuta moja na haina betri.

Historia

Kanuni za kwanza za kiufundi za Wi-Fi zilitolewa mwaka 1997. Kwa miaka zaidi ya kumi Wi-Fi ilitegemea ruta zilizofungwa ukutani au kuwekwa mezani. Mwaka 2009 Novatel Wireless ilianza kuuza MiFi 2200, kifaa cha ukubwa wa kadi nene kilichounganisha modemu ya simu, ruta na betri katika kasha moja.

Mwaka huohuo ulikuwa wa mabadiliko makubwa Afrika Mashariki. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, ikafuatwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti ya nchi ilipita kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa kasi ndogo. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ulisambaza uwezo wa kebo hizo kuelekea mikoa ya bara, ikiwemo Dodoma na Singida.

Simu za kisasa nazo zilipata uwezo wa kugawa intaneti. Android ilianza kuwa na huduma hiyo katika toleo la 2.2 la mwaka 2010, na iPhone zikaipata kwa wingi kupitia toleo la iOS 4.3 mwaka 2011. Tangu hapo mnunuzi wa ruta ya mfukoni amekuwa na swali la haki la kujiuliza: kifaa hiki kinaongeza nini ambacho simu yake haifanyi?

Muundo na utendaji

Ndani ya kasha kuna sehemu nne kuu: nafasi ya laini, redio inayowasiliana na mnara kwa teknolojia ya 3G, 4G au 5G, redio ya Wi-Fi, na betri ya lithiamu. Vifaa vingi vya bei ya kawaida huruhusu vifaa vipatavyo 10 kuunganishwa kwa wakati mmoja, ingawa kasi hugawanyika kadiri watumiaji wanavyoongezeka.

Mtumiaji hubadilisha mipangilio kwa kufungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari. Anwani ya ukurasa huo, jina la mtandao na nywila ya mwanzo kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko ndani ya kifuniko cha betri. Kwa kuwa ruta haina vitufe vya kupiga namba, salio huangaliwa kupitia ukurasa huo, kupitia programu ya kampuni ya simu, au kwa kuihamishia laini kwenye simu kwa muda.

Gharama ya umeme ni ndogo sana. Betri ya mAh 2,000 huhifadhi takriban saa-wati 7.4, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya uniti ya umeme.

Matumizi katika Dodoma na nyanda za kati

Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini uhamiaji wa serikali ulishika kasi baada ya mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Ofisi za wizara zilianza kuhamia Mji wa Serikali wa Mtumba mwaka 2019. Makazi mapya yalienea haraka kuliko nyaya za faiba, na wakazi wengi wa maeneo hayo walianza kwa kutegemea intaneti ya minara.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina maelfu ya wanafunzi, na baadhi yao hupanga vyumba katika mitaa ya jirani kama Ng'hong'hona. Kwao ruta moja inayohudumia chumba kizima ni njia ya kuchangia gharama.

Huduma nyingi za serikali nazo zimehamia mtandaoni. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ya ajira serikalini hufanywa kwa njia hiyo, na tangu mwaka 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Mzabuni mdogo wa Kongwa au Manyoni anayetaka kuuza bidhaa kwa halmashauri hawezi tena kukwepa intaneti. Vilevile, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Mahali ambapo walimu kadhaa wanafundisha pamoja, ruta moja inaweza kuvihudumia vyote.

Mazingira ya nyanda za kati yana changamoto zake. Makazi ya vijijini yametawanyika, na majabali na vilima huweza kukinga mawimbi. Bati la paa hudhoofisha mawimbi, na vivyo hivyo kuta nene za udongo za nyumba za tembe. Hapa ruta ina faida moja ambayo wengi huisahau: inaweza kuachwa dirishani au kuning'inizwa mahali penye mawimbi mazuri, huku mtumiaji akifanya kazi ndani kwa utulivu. Simu haiwezi kuachwa hivyo bila kumkosesha mwenyewe simu zinazoingia.

Hata hivyo, ruta haitengenezi mawimbi pasipokuwa nayo. Kijiji chenye 2G pekee hakitapata intaneti ya maana kwa kununua ruta ya 4G. Kuongeza minara katika maeneo yasiyovutia kibiashara ni kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mwaka 2023 Mfuko huo ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini.

Gharama

Gharama ya ruta ya mfukoni ina sehemu mbili: bei ya kifaa, inayolipwa mara moja, na bei ya data, inayolipwa daima. Wanunuzi wengi huangalia ya kwanza, ilhali ya pili ndiyo kubwa.

Kwa mfano, kifaa kilichonunuliwa kwa shilingi 90,000 kikidumu miaka mitatu, gharama yake ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na vifurushi.

Kuhusu data, mwaka 2022 serikali ilieleza kuwa bei elekezi ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa megabaiti moja. Kwa mizani hiyo, gigabaiti moja yenye megabaiti 1,024 inaweza kugharimu kuanzia shilingi 2,079 hadi shilingi 9,574 hivi. Tofauti hiyo kubwa hutokana na aina ya kifurushi: kwa kawaida vifurushi vidogo vya siku huwa ghali kwa kila megabaiti kuliko vikubwa vya mwezi.

Hesabu ifuatayo inaonyesha maana yake. Tuseme wanafunzi wanne wanatumia gigabaiti 5 kila mmoja kwa mwezi:

- Kila mmoja akinunua vifurushi vidogo kwa shilingi 6 kwa megabaiti, atalipa shilingi 30,720. Wote wanne watalipa shilingi 122,880.
- Wakichanga na kununua kifurushi kimoja cha gigabaiti 20 kwa shilingi 3 kwa megabaiti, watalipa shilingi 61,440, yaani shilingi 15,360 kila mmoja.

Wanaokoa shilingi 61,440 kwa mwezi, na ruta ya shilingi 90,000 hurudisha gharama yake kabla ya mwezi wa pili kwisha. Lakini ieleweke kuwa akiba hiyo imetokana na kununua kwa jumla, si kifaa chenyewe. Wangeweza kuipata pia kwa kugawa intaneti kutoka simu ya mmoja wao, mradi mwenye simu awepo chumbani na betri yake istahimili.

Kwa mtu mmoja anayetuma ujumbe, kusoma habari na kujaza fomu, hesabu huwa tofauti. Matumizi hayo ni madogo na simu yake inatosha. Ruta itamwongezea gharama bila kumpunguzia yoyote.

Matumizi ya data yasiyotarajiwa

Kinachovunja hesabu za wengi ni ongezeko la matumizi. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida huweza kutumia hadi gigabaiti moja, na ya ubora wa juu gigabaiti 3 hivi. Mtu aliyezoea kutazama video kwa kiasi kwenye simu huzidisha anapohisi kuwa ana "Wi-Fi".

Kompyuta ni hatari zaidi. Ikiunganishwa na Wi-Fi huichukulia kama intaneti isiyo na kikomo, na huanza kupakua masasisho ya mfumo bila kuuliza. Kifurushi cha mwezi kinaweza kuisha kwa siku chache. Kinga yake ni kuweka mtandao huo kwenye mipangilio ya kompyuta kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, na kuzima upakuaji wa kujiendesha kwenye simu.

Jambo la tatu ni muda wa kifurushi. Data ya mwezi isiyotumika ndani ya muda wake kwa kawaida hupotea, hivyo kifurushi kikubwa kina unafuu kwa yule tu anayekimaliza.

Ulinganisho na njia nyingine

Simu inayogawa intaneti haihitaji kifaa cha ziada. Udhaifu wake ni kumaliza chaji haraka, kupata joto, na kukatisha huduma mwenye simu anapoondoka.

Ruta ya nyumbani ya laini hupokea mawimbi vizuri zaidi kwa sababu ya antena kubwa na huhudumia watu wengi, lakini huzimika umeme unapokatika. Vodacom ilipozindua 5G nchini mwaka 2022, ruta za aina hii zilipata uwezo mkubwa zaidi katika maeneo yenye huduma hiyo.

Faiba ni imara na hufaa kwa ofisi, shule na familia zenye matumizi makubwa, kwa kuwa malipo ya mwezi hayategemei sana kiasi cha data. Haipatikani kila mtaa, wala haisafiri na mtumiaji.

Usalama na sheria

Laini iliyo ndani ya ruta husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, kama laini nyingine. Utaratibu huu ulikamilishwa Januari 2020, ambapo laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa. Laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu huhakikiwa kwa kupiga *106#.

Usajili huo una uzito. Kosa likifanyika kupitia ruta, uchunguzi huanza kwa mwenye laini, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kuhusika. Kwa hiyo nywila ya mwanzo inapaswa kubadilishwa siku ya kwanza, na mtandao usiachwe wazi.

Ruta pia ina namba ya IMEI kama simu. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia kwa kutumia namba hizo, jambo linaloonyesha hatari ya kununua kifaa kisichojulikana asili yake.

Betri ya lithiamu haipendi joto. Ruta haifai kuachwa juani au ndani ya gari lililofungwa, hasa katika miezi ya joto kabla ya mvua. Betri iliyovimba huondolewa mara moja na haichajiwi tena.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

- Mawimbi: kampuni yenye mawimbi bora mahali pa matumizi hujulikana kwa kujaribu laini kwenye simu, chumba kwa chumba na saa za jioni ambapo mtandao huelemewa.
- Kufungwa: ruta nyingine zinazouzwa na kampuni ya simu hukubali laini ya kampuni hiyo pekee. Anayesafiri kati ya Dodoma na vijijini hunufaika na ile inayokubali Vodacom, Airtel, Yas (zamani Tigo), Halotel na TTCL.
- Vifurushi: baadhi ya ofa za simu hazifanyi kazi kwenye ruta, hivyo ni vema kuuliza kabla ya kulipa.
- Betri: inayotolewa na kupatikana madukani huongeza maisha ya kifaa.
- Makubaliano: watu wanaochangia wanapaswa kukubaliana mapema kiasi cha kila mmoja, kwa sababu ruta huonyesha jumla ya matumizi lakini si kila moja hutenganisha mtumiaji na mtumiaji.

Tazama pia

- Intaneti
- Wi-Fi
- Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania
- Dodoma (mji)