Wajir na Elimu ya Kuunda Makundi

Aghalabu kazi ya idara inapoharibika, hapa Garissa kama kwingineko, watu hukimbilia kumtafuta wa kulaumiwa, akaondolewa huyu na kuletwa yule, ilhali kundi lenyewe limebaki vile vile lilivyokuwa. Na haipiti miezi mingi kadhia ile ile hurejea, kwa kuwa dosari haikuwa katika mtu bali katika namna kundi lilivyoundwa.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alilipima jambo hili kwa kamba. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1913, watu wanane walipovuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu ambazo angezitoa peke yake. Sehemu ya hasara hiyo ni kutopatana katika kuvuta, na sehemu ni kutegea: mtu hulegeza mkono anapojua ya kuwa jasho lake halitapambanuliwa na jasho la mwenziwe. Yatazameni hayo kwenye kisima cha mashine wakati wa kiangazi, pale kamati ya watu kumi na watano, walioteuliwa ili kila jamaa iridhike, inaposimamia dizeli, fedha na mashine, wote kwa pamoja. Chujio la mafuta likiziba, na ngamia wamekwisha kujipanga birikani, kila mmoja humtazama mwenziwe, maana hakuna aliyekabidhiwa chujio.

Walakini kupunguza watu peke yake si dawa, bali kila kundi lipewe kazi iliyo wazi, na ushahidi wa hayo uko kwa jirani zetu wa Wajir, hapa kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, uhasama wa koo za Ajuran, Degodia na Ogaden ulikuwa umeingia hata sokoni, mwanamke wa ukoo huu akikataa kumuuzia wa ukoo ule. Kina mama wachache, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyetunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, walianza na kazi moja iliyo wazi: waliunda kamati ya wanawake wa koo zote ya kulichunga soko, ili kila mtu anunue na kuuza bila kubaguliwa, na anayeonewa ajue pa kupeleka shauri lake. Naustahi sana uamuzi huo, kwani amani ni neno pana ambalo mtu aweza kujificha ndani yake, bali soko hufunguliwa kila asubuhi na kila mtu akaona kama limetulia au halikutulia.

Wazee nao walipokutanishwa, uongozi wa kikao ulipewa mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, usiokuwa na mkono katika ugomvi. Lau kiti kingekaliwa na mwenye wingi, wengine wangepoteza wasaa wao wakipima nani anapendelewa. Mwenye uchache hana wa kumtisha, na kwa hiyo maneno yake hupokewa kwa insafu. Katika mashauri hayo ndimo lilimotoka Azimio la amani la Al-Fatah la mwaka 1993, na mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa na serikali katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyoongozwa na mkuu wa wilaya. Kikosi chake cha kuitikia haraka kilichanganya wazee, wanawake, watu wa dini na maofisa wa usalama, si kwa kupamba orodha, bali kwa kuwa mzee husikilizwa na wazee wenziwe, mwanamke hupata habari ambazo hazifiki barazani, na ofisa ana amri ambayo hao wengine hawana.

Tangu mwaka 2013 kaunti zetu zinajiajiria watumishi wake, na kugawa viti kwa koo ni haki ambayo hapa haikwepeki. Lakini kiti cha ukoo kisicho na kazi yake mahususi ndicho kinachozaa kutegea. Ningependa bodi za utumishi wa umma ziandike mbele ya kila jina ile kazi moja ambayo mwenye jina ataulizwa mwisho wa robo mwaka, na uongozi wa vikao vizito wapewe wale ambao koo zao hazina wingi.