Nyonga mpya, duka lile lile: hesabu ya miezi mitatu nje ya biashara

Mfanyabiashara anapoambiwa na daktari kuwa nyonga au goti lake limekwisha na lililobaki ni kuweka kiungo bandia, swali lake la kwanza huwa ni bei ya operesheni. Swali la pili, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari wodini, ni nani atashika funguo za duka.

Kwa mwenye biashara ndogo, hilo la pili aghalabu ndilo ghali zaidi. Gharama ya hospitali huandikwa kwenye karatasi mapema, na pengine bima hulipa sehemu au ndugu huchangishana. Gharama ya duka lililofungwa haiandikwi na mtu. Hujitokeza mwezi wa tatu, wakati mwenye fremu anadai kodi yake, benki inadai marejesho, na wateja wamekwishazoea duka la jirani.

Ndiyo maana wapo wanaochechemea miaka mitano wakimeza vidonge vya maumivu, kwa hoja kwamba hawawezi kuiacha biashara. Hoja hiyo ina walakini. Vidonge vya jamii ya diklofenaki vikimezwa kwa muda mrefu huumiza tumbo na figo. Misuli ya paja isiyotumika nayo hunyong'onyea, na anayeingia chumba cha upasuaji na paja lililokwisha nguvu huchelewa zaidi kurudi kazini. Anayeahirisha ili kuokoa wiki sita leo anaweza kuzilipa mara mbili kesho.

Kinachofanyika

Operesheni yenyewe si ngeni. Daktari Mwingereza John Charnley aliweka mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, nyonga ya aina iliyokuja kuwa msingi wa nyonga bandia za leo. Kichwa cha mfupa wa paja kilicholika hukatwa, kikawekwa kingine cha chuma au kauri kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Kwenye goti, ncha za mifupa hupunguzwa na kuvikwa chuma, na plastiki ikakaa katikati. Kazi huchukua saa moja hadi mbili. Hapa Tanzania hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na katika hospitali nyingine kubwa. Wenye uwezo, ama waliopata msaada, wamekuwa wakienda India.

Ni kosa kudhani kuwa hili ni jambo la wazee peke yao. Selimundu huua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu, na wagonjwa wake huhitaji nyonga mpya wakiwa bado vijana wenye maduka na watoto wa shule. Ajali za barabarani nazo huleta wengine.

Kiungo hiki hudumu kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la Lancet, kwa kumbukumbu za nchi kama Australia na Finland, ulikadiria kuwa nyonga 58 katika kila 100 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25, na kwa magoti ni 82 katika kila 100. Mwenye miaka 35 basi ajue kuwa huenda akairudia operesheni hii maishani. Mwenye miaka 60 anaweza kuihesabu kuwa ni ya mara moja.

Kalenda ya mguu

Mgonjwa wengi hudhani atalala mwezi mzima. Sivyo. Siku ile ile au kesho yake husimamishwa na kutembezwa kwa fremu ya kutembelea. Iwapo hakuna tatizo, hukaa hospitali siku chache tu. Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi. Dawa za kuzuia damu kuganda huendelea nyumbani, kwa nyonga mara nyingi hadi wiki ya tano, na si za kuruka hata siku moja, maana bonge la damu likitoka mguuni hadi mapafuni huweza kuua.

Mwenye kazi ya mezani huweza kurudi baada ya wiki sita hivi, na ni karibu wakati huo ambapo daktari humruhusu kuendesha gari. Anayesimama kutwa nzima nyuma ya kaunta, au anayebeba marobota, ahesabu miezi mitatu. Goti linaweza kuvimba jioni kwa miezi mingi zaidi, pengine mwaka, na hilo halina maana kuwa kazi iliharibika.

Muda wa kukaa nje hutegemea sana namna mtu anavyoishi. Kwenye nyonga, madaktari wengi hukataza kwa wiki sita hadi miezi mitatu kukunja paja kupita pembe ya mraba. Hapo kigoda cha jikoni hakifai, choo cha kuchuchumaa hakifai, na kukaa mkekani hakufai. Muumini atasali akiwa kwenye kiti mpaka daktari aseme vinginevyo. Kiti kirefu chenye mikono na kiti cha choo cha kuwekwa juu ya tundu vinunuliwe kabla, si siku ya kutoka wodini. Mwenye duka ghorofa ya pili aulize mapema lini ataruhusiwa kupanda ngazi za kutwa nzima. Bodaboda isahaulike kwa muda huo wote.

Anayefikiria kwenda nje ya nchi aongeze jambo moja kwenye hesabu. Safari ndefu ya ndege mara baada ya operesheni huongeza hatari ya damu kuganda, hivyo atakaa huko muda mrefu kuliko siku za wodini, pamoja na msindikizaji wake, kwa gharama ya chumba na chakula cha watu wawili.

Hesabu ya duka

Chukua mfano wa duka la vitenge lenye mauzo ya Sh 4,000,000 kwa wiki. Faida kabla ya matumizi ni asilimia 20, yaani Sh 800,000. Pango ni Sh 600,000 kwa mwezi, marejesho ya mkopo Sh 450,000, na matumizi ya nyumbani Sh 500,000. Mwenye duka hukaa nje wiki 12.

Akifunga duka, hupoteza faida ya Sh 9,600,000. Na katika muda huo bado hutakiwa kutoa Sh 1,800,000 za pango, Sh 1,350,000 za mkopo na Sh 1,500,000 za nyumbani. Jumla ni Sh 4,650,000, ambazo lazima zitoke kwenye akiba. Asipokuwa na akiba, zitatoka kwenye mtaji, na mtaji ukishaliwa duka hufunguliwa na rafu tupu.

Akiacha msaidizi anayelipwa Sh 350,000 kwa mwezi, na mauzo yakashuka hadi asilimia 60 ya kawaida, faida itakuwa Sh 480,000 kwa wiki, sawa na Sh 5,760,000 kwa wiki 12. Ukitoa pango, mkopo na mshahara wa Sh 1,050,000, hubaki Sh 1,560,000. Nyumbani wakila Sh 1,500,000, zinasalia Sh 60,000. Duka halikupata kitu, lakini halikufa.

Tofauti kati ya mifano hii miwili haitokani na daktari wala na aina ya kiungo. Inatokana na mtu mmoja aliyefundishwa kazi kabla. Msaidizi wa wiki moja hawezi kushika asilimia 60. Anayefaa ni aliyekaa dukani miezi miwili au mitatu na mwenyewe akiwepo, anayejua bei ya mwisho ya kila mzigo na mteja gani hakopeshwi. Wengi huweka binti wa dada ama shemeji kwa kuamini damu. Damu si mbaya, lakini naye aandikishwe mzigo aliokabidhiwa kama mgeni yeyote. Ugomvi mwingi wa ukoo huanzia kwenye mzigo usiohesabiwa.

Tarehe nayo ni fedha. Operesheni hii mara nyingi si ya dharura, kwa hiyo mgonjwa ana nafasi ya kuomba mwezi. Muuza nguo asiwe kitandani kuelekea Idd au Desemba. Muuza madaftari asikose Januari. Anayeagiza mzigo China akumbuke kuwa viwanda vya huko hufungwa wakati wa mwaka wao mpya, na kipindi ambacho hakuna mzigo wa kufuata kinaweza kuwa kizuri cha kuuguza mguu. Madeni ya wateja yakusanywe wiki za kabla, maana msaidizi hataogopwa kama mwenye duka. Kwa benki ama kikoba, mazungumzo ya kusogeza marejesho yafanyike marejesho yote yakiwa yamelipwa. Anayekuja na barua ya daktari kabla husikilizwa tofauti na anayetafutwa kwa simu baada ya kushindwa.

Saini na namba ya siri

Akaunti yenye mtia saini mmoja ni hatari hata kwa mtu mzima wa afya. Mtia saini wa pili aongezwe mapema, na kwa mambo mazito zaidi iandikwe hati ya uwakili mbele ya wakili, ikitaja waziwazi anachoruhusiwa mwakilishi na hadi lini. Fedha za simu zipokelewe kwa Lipa Namba, ambayo msaidizi huweza kuitumia bila kujua namba ya siri ya mwenye duka. Kodi haisubiri mguu: awamu za kodi ya mapato kwa wanaofuata mwaka wa kalenda huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mashine ya risiti ibaki mezani na msaidizi ajue kuitumia.

Kwa bima, swali la kuuliza si kama operesheni inalipiwa, bali kama kiungo chenyewe kinalipiwa, na hadi kiasi gani. Jibu lipatikane kwa maandishi.

Mwajiriwa

Aliyeajiriwa ana nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Siku 63 mfululizo ni wiki tisa. Karani humaliza ndani ya hizo. Mpakizi wa ghalani anayehitaji wiki 12 atakuwa na siku 21 za nusu mshahara, na ni vizuri azijue kabla hajakopa. Waajiri wadogo wenye vibarua wawili watatu wakumbuke kuwa sheria hii inawahusu pia.

Miezi ya kabla

Katika kila wagonjwa 100, mmoja au wawili hupata usaha ndani ya kiungo kipya. Kwa mfanyabiashara hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, maana humrudisha wodini na kuongeza miezi mingine ambayo hakuipanga. Kwa hiyo maandalizi ya mwili ni sehemu ya kulinda mtaji. Mwenye kisukari akishushe. Madaktari wengi hutaka kipimo cha wastani wa miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 8. Jino bovu litibiwe, kidonda cha mguuni kipone, sigara iachwe angalau wiki nne kabla. Aliyechomwa sindano ya dawa ndani ya goti amweleze daktari lini, kwa kuwa sindano ndani ya miezi mitatu kabla ya operesheni huongeza hatari hiyo. Dawa za mitishamba zitajwe pia, bila aibu. Ndugu watakaochangia damu wajulikane kwa majina.

Na pesa ya dharura iwekwe kando, angalau mwezi mmoja zaidi ya ule uliopangwa. Kwa duka la mfano wa hapo juu, ni Sh 1,550,000 za pango, mkopo na nyumbani.

Siku ya kurudi, wengi huanza kwa kukaa kutwa na jioni mguu huwa kama gogo. Afadhali saa mbili asubuhi kwa wiki ya kwanza, kwenye kiti kirefu, mguu ukinyooshwa kila baada ya muda. Na kabla ya kuuza kipande cha kwanza, mzigo uhesabiwe pamoja na msaidizi, rafu kwa rafu, dhidi ya karatasi waliyotia saini wote wawili siku ya kukabidhiana.