Kuwinda Fezanti kwenye Ardhi ya Umma ya South Dakota

Fezanti ni ndege wa jamii moja na kuku na kwale. Jogoo ana kichwa cha kijani kinachometameta, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu; jike ana rangi ya majani makavu na akijibanza nyasini si rahisi kumwona. Asili yake ni Asia. Marekani alipelekwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na Owen Denny, balozi mdogo wa nchi hiyo mjini Shanghai, aliyewasafirisha ndege hao hadi Oregon. Huko South Dakota, fezanti walioachiliwa katika wilaya ya Spink mwaka 1908 na 1909 walizaana vizuri, na mwaka 1919 jimbo likaruhusu msimu wa kwanza wa kuwawinda, wa siku moja tu. Mwaka 1943 mgeni huyo akatangazwa kuwa ndege rasmi wa jimbo.

Eneo kubwa la South Dakota ni mashamba ya watu binafsi, na kuwinda huko mara nyingi ni kwa kulipia. Asiyetaka gharama hiyo hutegemea ardhi ya umma, na kazi yake huanza kwenye ramani kabla hajagusa bunduki. Ardhi hiyo si ya namna moja. Yapo maeneo yanayomilikiwa na jimbo kwa ajili ya wanyamapori. Yapo mabwawa na nyasi za serikali kuu, yaliyotengwa hasa kwa ajili ya bata na kununuliwa kwa fedha za stempu wanazolipia wawindaji. Humo marisau ya risasi hayaruhusiwi, kwa kuwa bata huyameza pamoja na changarawe na kufa kwa sumu. Tena kuna mashamba binafsi ambayo jimbo huyakodi ili umma uwinde: mtu huruhusiwa kuingia kwa miguu tu, gari likabaki nje. Idara ya wanyamapori ya jimbo huchapisha ramani ya maeneo hayo kila mwaka, na ya mwaka jana haifai kutegemewa, kwani mikataba hubadilika.

Msimu wa wote hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba na kufungwa mwisho wa Januari. Kabla yake wakazi wa jimbo hupewa siku tatu zao peke yao kwenye ardhi ya umma. Leseni ya mgeni kwa kawaida humpa vipindi viwili vya siku tano tano, hivyo tarehe huchaguliwa kwa hesabu. Wengi hukimbilia wikendi ya ufunguzi, na hapo ndipo wanapokosea: mahindi mengi bado hayajavunwa, ndege wamejificha humo, na viwanja vya umma vimejaa watu. Mwezi Novemba, mavuno yakiisha, fezanti hubaki na vichaka na nyasi tu. Desemba theluji huwasukuma kwenye matete mazito ya mabwawa. Majogoo waliobaki wakati huo ni wajanja mno, ila washindani ni wachache.

Kujua ratiba ya ndege husaidia kupanga siku. Usiku hulala kwenye nyasi ndefu, asubuhi hutoka kula punje mashambani, mchana hupumzika penye kivuli na kinga ya upepo, na jua likielekea kuzama hurudi nyasini. Sheria huruhusu kuwinda kuanzia saa 4 asubuhi hadi machweo, kwa hiyo saa moja ya mwisho huwa na faida kubwa. Kiwanja kizuri ni kile kinachopakana na shamba la mahindi, mtama au alizeti. Vipande vidogo vilivyo mbali na maegesho hupitwa na wengi, ingawa mara nyingi ndimo majogoo wanamokimbilia.

Fezanti hupenda kukimbia kuliko kuruka, na husikia vizuri. Kubamiza mlango wa gari au kuita mbwa kwa sauti kunatosha kuwafanya watoweke upande wa pili. Wawindaji hutembea kuelekea upepo ili mbwa apate harufu, wakienda taratibu na kusimama mara kwa mara. Wenzao wawili watatu huotea mwisho wa kiwanja. Hapo ndipo ajali hutokea, hivyo busara ni kuvaa rangi ya chungwa kali hata pasipo sharti, na kutompiga ndege anayeruka chini. Bila mbwa, jogoo aliyejeruhiwa hupotea kirahisi, na kumpoteza ni hasara isiyo na udhuru.

Kila mwindaji huruhusiwa majogoo 3 kwa siku, na akiba isiyozidi 15. Jike haguswi. Jogoo mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kupunguza majogoo hakuzuii kizazi kijacho. Ili ijulikane kuwa si jike, ndege anayesafirishwa lazima aachwe na kiungo kinachoonyesha jinsia, kama kichwa, bawa lenye manyoya au mguu wenye kucha ya nyuma. Ndege hutolewa matumbo mapema na kupozwa kabla ya kufungwa kwenye kasha la barafu, na siku ya kuondoka hupangwa kwa kuangalia pia hali ya hewa: dhoruba ya theluji inaweza kufunga barabara za huko kwa siku nzima.